Nyungunyungu Mia Moja na Sitini

Jumatano, 5 Machi

Maabara ya udongo, chumba cha mwisho. Chupa kumi na sita za kioo, midomo mipana, zimefunikwa kitambaa chepesi na kubanwa kwa mpira. Nyungunyungu kumi kila chupa. Mia moja na sitini – nimewahesabu mara mbili.

Kinachopimwa: tope kavu la kiwanda cha kuchovya mabomba na bawaba kwenye zinki. Kiwanda kinaligawa bure kwa wenye bustani za mboga, kinaliita mbolea. Tarehe 21 baraza la mji litaamua kama ligawiwe bondeni kote. Hakuna aliyewahi kulipima! Mtaalamu wa udongo amekubali kulipima, mimi wa gazeti niwe shahidi. Chupa nne udongo mtupu, nne tope kidogo, nne la kati, nne jingi. Siku kumi na nne.

Taa haizimwi, mchana wala usiku. Nimeuliza sababu. Nyungunyungu hapendi mwanga. Taa ikiwaka, anabaki ndani ya udongo.

Mama mdogo analima bondeni mwaka wa kumi na nane. Tope ameshalitia karibu matuta yote. Sijamwambia kuhusu chupa.

Jumatano, 12 Machi

Hesabu ya katikati. Mtaalamu anamgusa kila mmoja kichwani kwa kijiti, asiyejikunja, amekufa. Udongo mtupu: arobaini hai. Tope kidogo: arobaini. La kati: thelathini na saba. Jingi: thelathini na mmoja.

Mhariri anataka habari leo. Nimesema tarehe 19. Eti nina kichwa kigumu. Sawa.

Jioni kwa mama mdogo. Kumbe ameshasikia – bondeni hakuna siri. Eti nilisoma miaka yote ile nije kuwa yaya wa minyoo? Akakata jani la kabichi, akanipimia kifuani kama fundi cherehani. "Tazama, mwanangu. Hili nalo limekula sumu?"

Jani ni kubwa kweli. Nimeandika hilo pia.

Jumatatu, 17 Machi

Balaa.

Mlinzi alizima taa Jumamosi mchana. Uongozi ulibandika tangazo la kubana matumizi ya umeme. Akapita, akaona dirishani taa inawaka na hakuna mtu. "Nikajua mmesahau, bosi." Onyo la mtaalamu lipo, kubwa, wino mwekundu – ndani ya chumba. Swichi iko nje, ukutani. Mlinzi hana ufunguo wa chumba.

Giza la siku mbili. Wamejipenyeza pembeni mwa vitambaa. Sakafuni wamekauka kama kamba za viatu, chini ya meza, mpaka mlangoni. Hakuna anayejua nani katoka chupa ipi.

Udongo mtupu: arobaini, wote ndani. Tope jingi: tisa tu.

Nikasema si umeona! Mtaalamu akachukua ufagio. "Nimeona waliokimbia. Hao hawakuuawa na tope, wameuawa na sakafu. Ukiandika vingine, nitakukana mbele ya baraza."

Ana haki. Kurudia ni siku kumi na nne. Tunazo nne.

Akafagia mpaka mwisho, ndipo akasema: kama wanakimbia, basi tupime kukimbia. Kuna kipimo cha siku mbili. Sanduku, kizuizi katikati, udongo safi upande mmoja, wenye tope upande wa pili. Unaondoa kizuizi, unawaweka mstarini, wanachagua wenyewe. Baada ya siku mbili unarudisha kizuizi, unahesabu kila upande.

Nimemnunulia mlinzi chai. Hajalala, anasema.

Jumanne, 18 Machi

Mhariri ameshatunga kichwa cha habari: TOPE LAUA. Nimekataa. Akasema atampa mwingine aandike. Nimemwambia huyo mwingine hana hesabu.

Afisa uhusiano wa kiwanda kapiga simu, mchangamfu. Eti minyoo wetu wa maabara wamedekezwa, wale wa bondeni ni ngangari.

Kipimo kinahitaji kiwango halisi cha tope. Karatasi ya kiwanda inasema "kiasi cha kutosha". Nikaenda kumuuliza mama mdogo: ndoo ngapi kwa tuta? "Tatu. Nne nikiamka vizuri." Nikamweleza alichosema afisa. Akacheka, akashika jembe: minyoo wake waje wawaaibishe wale wa mjini.

Shimo la kwanza, kwenye tuta la kabichi: hakuna. La pili: hakuna. La tatu alichimba mpaka magotini. Hakuna. Akaenda kona ambayo hajaitia tope, karibu na pampu. Sita, wanene.

"Ni maji," akasema. "Huku kuna maji."

Inawezekana. Nikamwambia inawezekana. Alinijazia mfuko udongo wa kona ile, akarudi kuyafukia mashimo.

Jumatano, 19 Machi

Saa mbili asubuhi. Masanduku matano, nyungunyungu kumi kila moja, wote wapya. Udongo wa kona pande zote. Upande mmoja umechanganywa na tope, ndoo tatu kwa tuta. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Alama ya chaki, ya upande wa tope, iko chini ya sanduku. Onyo limebandikwa juu ya swichi. Mlinzi mwenyewe kalibandika, gundi pande nne.

Ijumaa, 21 Machi

Saa mbili asubuhi. Kikao saa nne.

Mama mdogo yuko mlangoni na mabuti ya shamba. Hakualikwa. "Nimekuja nione msije mkawasukuma."

Mtaalamu akampa kigoda na kijiti.

Sanduku la kwanza: tisa upande safi, mmoja kwenye tope. "Huyo mmoja ndiye mwenye akili," akasema mama mdogo. La pili: kumi, sifuri. Akasogeza kigoda karibu. La tatu: wanane, wawili. Akapekua ule upande wa tope kwa vidole, polepole, akarudia, kama aliyeangusha pete.

Simu yake ikalia. Dereva wa kiwanda – lori limejaa tope, yuko getini kwake. Kabla ya kikao! Nimeandika saa: mbili na dakika arobaini. Sauti inasikika chumba kizima: mama, nimwage wapi, wenzako wananisubiri.

"Zima injini."

"Mama?"

"Zima injini, baba, ukae hapo. Tunahesabu."

Akalaza simu kifudifudi juu ya meza. Mtaalamu kashusha kizuizi cha sanduku la nne, mkono unakwenda chini kutafuta chaki. Mama mdogo akaushika ule mkono.

"Usiniambie upande upi. Nihesabu kwanza."

Ameanza kushoto. Mmoja. Anavunja bonge kwa kidole gumba. Wawili. Watatu…