Kabati Lililokataa Kutoka Mlangoni

Patron,

Nimelikata kabati lako, tena kwa msumeno wako mwenyewe. Naanza na hilo kabla sijaogopa.

Tangu tukuzike mwaka jana, Likasi imegeuka. Wenye asili ya jimbo la Kasai wanaambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa hapa. Wanaowafukuza ni watu wa kwetu, Patron, na ninaona haya kukuandikia. Mke wako, Mama Alphonsine, naye akaambiwa aende stesheni kungoja treni. Akaniita. Alikuwa amefunga godoro na sufuria mbili, na alitaka kabati pia.

Lile la mbao nyekundu za mulombwa, ulilomtengenezea mlipooana, mle mle chumbani, kwa furaha zako, bila kupima mlango. Jinsi nilivyokutania kwa hilo! Tulisukuma, tukang'oa hadi fremu ya mlango, wapi. Nikamwambia aliache, nitalitunza. Akakataa.

"Kata, mutoto yangu. Hii kabati njo bwana yenye inabakia."

Kwake ndilo mume aliyebaki, basi nikakata. Wewe uliyeacha kazi ya kampuni ili utengeneze viti vya michoro yako mwenyewe, ukanifundisha kuunga mbao kwa ndimi na matundu, bila msumari, ukanipigia kelele kila siku, "Musumari ni ya bantu ya haraka!" Patron, nyuma ya droo ya chini nimekuta msumari. Mmoja, umepinda, umefichwa kwa nta. Nilicheka peke yangu mpaka nikalia. Laiti ungekuwapo nikuzomee.

Stesheni, Mama na wenzake walikaa majuma mengi. Watu walichoma viti vyao wapate kupika, na vingine tulivitengeneza sisi, nilivitambua kwa umbo la miguu yake. Mama alilala juu ya mbao zako, hakutoa hata kipande. Jana treni ilimchukua.

Karakana iko kimya. Napiga randa, kisha nasimama, nangoja unikosoe. Nina hamu na sauti yako, hata ile ya hasira.

Kuna jambo Mama halijui. Kila kipande nilikiandikia namba kwa penseli, ili fundi yeyote wa kule Kasai aweze kuliunga kabati. Halafu nikamwonea wivu fundi huyo. Kabla hatujapakia, nilizifuta zote.

Lala salama, Patron. Njia ikifunguka nitamfuata Mama huko huko, maana sasa hakuna mwingine anayejua kuliunga.