Moyo Ulio Kwenye Kanda

Noonkopir, Jumapili, Julai 2006. Jua halijatokea tangu asubuhi. Ninaandika nikiwa saiba, kwenye kompyuta ya kulipia kwa dakika, vidole vimeganda kwa baridi.

Naogopa. Wacha niseme hivyo kwanza.

Pasaka ya mwaka jana nilirudi kutoka chuo na stetoskopu. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu, basi baba alitaka kuona hiyo baiolojia inafanya nini. Nikachomeka maikrofoni ya redio kaseti kwenye mpira wa stetoskopu, nikarekodi moyo wa baba na wa mama, mmoja kila upande wa kanda. Baba, kwa kupenda kwake kwaya za redioni, baadaye akarekodi kwaya juu ya upande mmoja. Hakuna aliyekumbuka ni moyo wa nani uliofutika.

Agosti baba alianguka kule machimbo ya mawe alikofanya kazi, hakuamka tena. Moyo, walisema. Tangu hapo utafiti wangu ni vali za moyo, zinavyoharibika polepole huku mwenyewe akiendelea na kazi zake.

Tulipoweka ile kanda, mama alisikiliza kidogo tu, akasema, "Huyu ni baba yako. Namjua." Nani angebishana na mjane? Kila Jumapili baada ya kanisa anaweka redio mezani, anachambua maharagwe, na marehemu anadunda sebuleni. Majirani wamezoea. Mimi sijazoea.

Tena mimi nilikuwa nikisikia ugonjwa. Kati ya pigo na pigo kuna mvumo, kama maji yanayopenya mahali padogo. Nilijua hicho ndicho kilichomuua.

Leo nilienda nyumbani na hedifoni za kuazima, nikapandisha sauti hadi mwisho. Nyuma ya mapigo, mbali, kuna mtu anaongea. Ni baba.

"Mama Nekesa, tulia. Wacha mtoto asikize."

Baba amesimama kando, anaongea na mama.

Moyo ule si wake.

Nikamwangalia mama. Alikuwa ametoka tu kuanika nguo, na alishika mlango ili apate pumzi. Amekuwa hivyo kwa wiki kadhaa. Nilidhani ni huzuni.

Nilitamani kunyamaza. Nikimwambia, anampoteza baba mara ya pili. Nisipomwambia, nampoteza yeye. Nikamvalisha hedifoni, nikarudisha kanda nyuma.

Alisikiliza akitabasamu. Alipoitwa, aliitika kwa sauti, pale pale sebuleni, "Eeh, Baba Nekesa," na akageuka kuangalia kiti cha baba. Kisha tabasamu likaisha. Akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Kesho asubuhi tunaenda hospitali. Ameniuliza kama anaweza kubeba redio.