Waya wa Kiti cha Saba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Baba Tulia,
Mvua tangu alfajiri. Nimepewa boksi lako la kupimia joto, lililokaa bila kutumika tangu msiba, zamu ya asubuhi. Vitanda sita vya kunyaushia majani ya chai, swichi moja ya kuzungusha, mita moja. Kila kitanda na nafasi yake kwenye swichi, "kiti" kama ulivyokuwa unaita. Nasoma omu, ukinzani wa waya wa kila kitanda unaopanda na joto, natafuta nyuzi zake kwenye jedwali lako ukutani. Nilifikiri nitafurahi. Nimechoka tu.
Vyote vimesoma nyuzi thelathini na zaidi. Watu wa hita wakapunguza moto. Majani yametoka mabichi kama yalivyoletwa kutoka shambani Kawetele.

Jumanne, 4 Machi
Erasto, mkuu wa zamu, kafinya majani mkononi — eti yana maji kama mchicha. Hakunifokea. Kasema boksi limezeeka, Ijumaa linakwenda kwenye vyuma chakavu. "Pole, mama Tulia, lakini mashine haina matanga."
Sikula. Ndicho kitu chako cha mwisho pale kiwandani.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua daftari lako. Kila siku ulianza na kiti cha saba. Mwaka juzi: omu 0.4. Mwanzo wa mwaka jana: 0.9. Mwezi ulipougua: 1.8. Na kwenye kila kitanda umeitoa namba hiyo kwanza, ndipo ukaenda kwenye jedwali. Lakini vitanda ni sita! Nikazungusha hadi saba. Mita haikusoma kitu.
Nikamuuliza Andrea, fundi umeme. Akacheka. "Kile kiti hakikuwa na kitu, mama. Kiwaya kifupi tu, kimetoka huku kikarudi huku. Niliking'oa nilipolisafisha boksi baada ya msiba. Si nilikupa pamoja na kitana chake?"
Alinipa. Kimo kwenye kitabu changu cha nyimbo, miezi minane sasa. Nilidhani ni kumbukumbu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeelewa taratibu, nikimenya ndizi. Waya mfupi vile hauna ukinzani wa kuhesabika. Mita ikisoma kitu pale, inasoma swichi yenyewe — kutu yake, na unyevu huu wa kwetu. Nayo swichi inajiongeza kwenye kila kitanda. Omu mbili tu, nyuzi tano za uongo. Ulikuwa unapima uchakavu kwanza, unautoa, ndipo unaamini kinachobaki. Ulikuwa unasema, "Naanza na kile kitupu." Sikuwahi kukuuliza kwa nini.
Nimekitoa kiwaya kitabuni. Kimeacha alama ya kijani kwenye ukurasa.

Ijumaa, 7 Machi
Andrea kakichomelea mahali pake, akinung'unika kwamba nitamfukuzisha kazi. Kiti cha saba: 2.1. Nikatoa. Kitanda cha kwanza, nyuzi ishirini na nne. Erasto kachomeka kipimajoto chake kwenye majani: ishirini na nne. Cha pili sawa. Cha tatu sawa. Akasogea kwenye cha nne.
Boksi ishirini na tisa, kipimajoto ishirini na tano.
"Na hiki, mama?" akauliza.
Labda pale swichi imeliwa na kutu zaidi. Kiti cha saba hakiwezi kuwasemea wenzake wote — hilo hukuliandika. Nimeomba dakika kumi. Andrea kaenda kutafuta spiriti na pamba, aisafishe swichi. Erasto amekaa kwenye kreti, anatazama saa. Toroli la vyuma chakavu liko mlangoni. Naandika haya nyuma ya daftari lako, mkono mmoja juu ya boksi.
Huko uliko, unikumbuke.