Mashine Tatu za Kabeya

Rafiki yangu Mwamini, subira huvuta hasara. Miaka mitatu nimemsubiri Kabeya, eti anaweka akiba ya mahari yangu. Sikia alichokiweka.

Leo wamekuja nyumbani kuleta mahari, yeye na wazee wake. Mbuzi mmoja. Kitenge cha mama hakuna. Mjomba wake akamwambia baba, "Tata, mutuhurumie, mishahara haitoki. Kabeya hana hata zaire moja mufukoni." Mama akaguna. Akaguna tu, Mwamini!

Shangazi yake Kabeya akawaka: "Mama, usimuone mutoto wetu masikini! Eko na Atari, eko na Nintendo, na mwezi huu amenunua tena Sega. Mashine tatu za kucheza mu televizio! Nani mwingine eko nazo hapa Kolwezi?"

Tatu! Na alisema kwa majivuno. Kabeya akaangalia viatu vyake.

Hapo baba akanigeukia aniulize kama nakubali kuolewa, kama ilivyo desturi, mbele ya watu wote: "Mwanangu, tukule hii mali?" Unajua msichana hujibu nini. Anainamisha kichwa, anasema ndiyo kwa sauti ndogo.

Mimi nikasema, "Hapana, tata. Warudishiwe mbuzi wao. Kabeya amekwisha kuoa. Ana wake watatu, na wote wanakaa chini ya televizio."

Mjomba wangu akacheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka.

Sasa anataka kesho niende kwa kina Kabeya nikapige magoti, niseme ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nililichagua kila neno, na siombi radhi.