Yale Malipo ya Kuondoa Matangazo

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ufunguo uko chini ya ndoo.

Asubuhi mmenicheka, wewe na mumeo, kwa kufuta malipo ya kusoma gazeti kwenye simu bila matangazo. Mimi nilidhani na matangazo ya vifo yanaondoka. Wenzangu wa malori siku hizi nawapata humo tu. Kumbe yanayoondoka ni ya sabuni na mikopo. Haya, nimechoka kubishana.

~~Lipia tena.~~

Ngoja kwanza. Leo utingo wangu yumo, anazikwa saa kumi. Picha yake imebanwa na tangazo la matairi, na matairi yangu yote alibadilisha yeye. Kwa leo liacheni hapo.

Msinisubiri kula.

Baba