Sukuma za Wageni

Kajiado mjini,
12 Februari 2024

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za upendo. Natumai wewe na ndugu yangu Mumo mko salama, na goti lako limepoa kidogo. Mimi niko mzima, ila joto la huku litanimaliza. Naandika kwa sababu juzi kwa simu mimi naongea mambo ya mto na wewe unanijibu mambo ya kuku. Hilo sikio, Mwaitu! Barua atakuletea Kimanzi wa mayai. Umpe na jibu.

Ni hivi. Kile kiwanda cha ngozi hapo juu yenu kimeandikia ofisi yetu. Sheria inasema maji machafu ya kiwanda yasiingie mtoni yakiwa na dawa kupita kiasi fulani. Wao wanaomba waruhusiwe kuzidisha kwa miaka miwili, huku wakijenga mtambo mpya wa kuyasafisha. Kabla kamati haijaamua, lazima isikilize watu wanaokaa kando ya mto. Kikao ni tarehe 28, kwa uwanja wa kanisa lenu.

Nimemwambia mkubwa wangu kwamba wewe ni mama yangu, na kwamba unakunywa maji ya kisima kilicho karibu kabisa na huo mto. Akasema basi nisitoe maoni yoyote, nikae tu niandike watakayosema watu. Kwa hivyo siruhusiwi kukufundisha maneno. Ninachoweza kukuomba ni uje, na usimame. Usikae kule nyuma na akina mama ukisonya. Simama uongee.

Nakiwaza sana kisima cha Baba siku hizi.

Mwanao,
Kathini


Isinya,
17 Februari 2024

Kwa mama mkwe wangu Kathini,

Bwana asifiwe. Umeshtuka nikikuita mama mkwe? Jina si ni la mama wa baba yako, na tabia pia ni yake. Hata yeye alikuwa akitaka kitu hasemi, anazunguka zunguka mpaka umjue mwenyewe. Mimi niko salama, goti ni lile lile. Mumo alikuja Jumapili kutoka Kitengela, mikono imepasuka kwa kuchonga mawe, lakini anakula vizuri.

Barua nimesoma na miwani, nikarudia. Nilifurahi hata nikamwonyesha Kakenya, huyu jirani wetu. Ati Kathini atakaa meza ya mbele na wakubwa! Tangu siku hiyo Kakenya akiniona ananiamkia kwa Kimaasai chake, "Sopa, mama wa serikali!" tunacheka mpaka tunashika mbavu. Baba yako angekuwa hai, angevaa ile koti yake.

Umeuliza habari ya mto kwa kuzunguka, nitakujibu wazi. Asubuhi maji yana rangi ya samawati, na harufu yake hata ng'ombe anageuza kichwa. Zile sukuma za chini, karibu na mto, majani yanaungua pembeni kama yamepigwa pasi. Hizo nawapea kuku, na hata kuku wanachagua. Za huku juu, za maji ya tangi la mvua, ni nzuri ajabu. Kisima bado ni kitamu, ama labda nimezoea.

Usiwe na wasiwasi. Nitakuja na nitasimama, na sitakuaibisha. Nimeongea na akina mama wa kanisa, tutavaa sare. Hao wageni wako hawatarudi Kajiado mikono mitupu.

Mimi mama yako,
Nzula


Kajiado mjini,
2 Machi 2024

Mwaitu,

Habari za huko. Mimi niko.

Nimejaribu kuandika barua hii bila hasira, nimeshindwa. Mwaitu, ulifanya nini? Ulisimama, ndio. Ukasimama na sare yako, akina mama wakapiga vigelegele, ukasema tunashukuru serikali kwa kutukumbuka, na tunashukuru kiwanda kwa kututengenezea barabara. Halafu ukaweka kiondo cha sukuma mbele ya mwenyekiti, ukarudi ukakaa.

Uliona wakili wa kiwanda alichofanya? Aliinua fungu moja juu watu wote waone. Akasema, "Hizi ni mboga za mama anayelima kando ya mto. Kuna mtu anaona ugonjwa hapa?" Watu wakapiga makofi. Na wewe ukapiga!

Hizo zilikuwa sukuma za juu. Za maji ya tangi. Wewe unajua na mimi najua, na hakuna mwingine hapo alijua. Nilikuwa nimekaa na kalamu, nimekatazwa kufungua mdomo, na ikabidi niandike: Bi. Nzula Maweu, mkazi wa kando ya mto, alishukuru kiwanda na akaleta mboga za shamba lake. Niliandika mimi, kwa mkono wangu.

Ungebeba za chini, Mwaitu. Basi. Sasa watakubaliwa, na mwenye kuyanywa maji yao ni wewe. Usinijibu, tafadhali. Sina nguvu.

Kathini


Isinya,
9 Machi 2024

Kathini mwanangu,

Bwana asifiwe. Umeniambia nisijibu, lakini mimi ndiye nilikuzaa, nitajibu.

Ningewapa wageni majani yaliyoungua? Watu wametoka Kajiado na viatu vimepigwa rangi, mwanangu amekaa katikati yao, halafu mimi mamake nibebe chakula cha kuku niwawekee mezani? Hata mtu tumekosana naye akiingia kwangu, simpi za chini. Wewe mwenyewe nilikufunza hivyo ukiwa bado unachunga mbuzi.

Mwenyekiti aliposema, "Huyu anayeandika ni msichana wenu wa hapa," moyo wangu ulijaa, Kathini. Nikaona nikisimama nianze kulia lia juu ya mto, watasema umetuma mamako aharibu kazi ya ofisi. Watakufuta kazi. Nikasema acha nishukuru kwanza, vile tunafanya siku zote, halafu mambo ya mto wataniuliza. Hawakuniuliza. Walimwambia pasta afunge na maombi.

Na huyo wakili sikumsikia. Sikio langu unalijua. Niliona tu ameinua sukuma zangu na watu wanapiga makofi, nikadhani anazisifu.

Nisamehe, mwanangu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako,
Nzula


Isinya,
15 Juni 2024

Kathini mwanangu,

Bwana asifiwe. Uko salama? Unakula? Kimanzi anasema ulichukua mayai ukamwambia asante, lakini barua hukumpa. Sawa tu, najua kazi ni nyingi.

Chifu alitusomea tangazo. Kiwanda kimekubaliwa hiyo miaka miwili, na mwaka ukiisha kamati itarudi kuangalia. Masika ilikuwa kubwa sana huku, mto ukapanda mpaka ukaingia kisimani. Tangu hapo maji yanaacha utando kwa sufuria, na chai ina ladha ya msumari. Ng'ombe alitoa ndama kabla ya wakati, akafa. Kakenya naye amezika mbuzi. Siku hizi haniiti mama wa serikali.

Sikuambii haya ndio uumie. Nakuambia kwa sababu nimezoea kukuambia.

Mumo anataka nihamie kwake Kitengela. Nimemkatalia. Kisima hiki baba yako alikichimba mwenyewe, mimi nikivuta mchanga na ndoo, wewe ukiwa mgongoni. Na yeye amelala hapo juu ya shamba. Nikienda, asubuhi nani atamwamkia?

Mama yako,
Nzula


Kimana,
24 Novemba 2024

Mwaitu wangu,

Nakusalimu, na nalia nikikusalimu. Goti je? Sikio je? Barua zako zote niko nazo. Kila mara nilianza jibu nikalichana.

Nilihamishwa huku tangu Septemba, niko na wakulima wa vitunguu na nyanya. Juzi tuliitwa na mama mmoja, maji ya mfereji yanaharibu nyanya zake. Nilipofika akanipa zawadi ya nyanya kwa karatasi, nyekundu, safi kabisa. Zile zilizooza alikuwa amezifunika na leso nyuma ya mlango. Nilizijia hizo hizo, Mwaitu, na alikuwa anaona haya nizione! Nilikaa chini hapo kwake nikalia, na maskini akadhani amenikosea. Aliniletea na maziwa.

Wewe hukunikosea. Nilikutegemea usimame mahali pangu, halafu nikakasirika uliponipenda kwa njia yako. Nisamehe.

Sasa nisikize. Februari kamati inarudi hapo kwenu. Mimi si mmoja wao tena, kwa hivyo naweza kukuambia bila kuzunguka: beba sukuma za chini. Beba na maji ya kisima kwa chupa. Usimshukuru mtu yeyote. Wakiona kwa macho yao, kibali kinaweza kufutwa, na wewe ukae kwako.

Hayo maji usiyanywe tena, nakuomba. Krismasi sina likizo, lakini Pasaka nakuja Isinya, tupike, tukae kando ya kisima.

Mwanao anayekupenda,
Kathini


Kitengela,
2 Machi 2025

Kathini mwanangu,

Bwana asifiwe. Barua yako niliiweka ndani ya Biblia. Kila Jumapili naisoma kabla ya somo, Mungu anisamehe.

Nilienda. Nilibeba za chini na chupa ya maji, lakini njiani niliona haya, nikafunika kiondo na leso mpaka lango la kanisa. Nilipofika mbele nikafunua, nikaweka mezani, nikawaambia za mwaka jana zilikuwa za tangi na hizi ndizo za mto. Sikushukuru mtu, vile uliniambia. Mwenyekiti ni mpya, kijana mwenye heshima. Alikuja karibu na sikio langu ndio nisikie. Akafungua faili akanisomea: Bi. Nzula Maweu alishukuru kiwanda na akaleta mboga za shamba lake. Akaniuliza, "Mama, haya yaliandikwa kweli, ama mwandishi alikosea?"

Nikamuuliza ni nani aliandika. Akasema Kathini Maweu.

Ningesema nini, mwanangu? Niseme ulikosea, mbele ya watu wa kazi yako? Nikamwambia kama ni Kathini, basi ni kweli, huyo haandiki uongo. Akashukuru, akasema basi yaliyoandikwa ndiyo yanasimama, akafunga faili. Kiwanda kitaendelea mpaka miaka miwili iishe. Sukuma zangu zilibaki hapo mezani, safari hii hakuna aliyeziinua. Nikazibeba nikarudi nazo.

Usijilaumu. Uliandika vile ilikuwa, bila kuongeza wala kupunguza, na hata pale nilikuwa najivuna kwa ajili yako.

Alhamisi Mumo alikuja na pikapu. Tulifunika kisima na mabati, akaweka mawe juu ili mtoto wa mtu asitumbukie. Nikapanda hapo juu nikamwamkia baba yako. Nilimwambia nitakuwa nakuja, lakini kwa hili goti, sijui kama nilimwambia ukweli. Nililia, Kathini, hata Mumo akazima gari akangoja.

Sasa niko kwa nyumba yake, chumba kizuri, maji ni ya mtungi. Pasaka usifike Isinya, hakuna mtu. Shuka hapa Kitengela, Mumo atakungoja. Nitakupikia sukuma. Ni za kununua. Nilimuuliza mama anayeuza zimemwagiliwa maji ya wapi, akasema hajui, lakini kwa vile nina mgeni, akanichagulia zile nzuri.

Mimi mama yako,
Nzula