Nusu Inchi

Gatwekera, Kibera
9 Novemba 1996

Mpendwa Senge Nekoye,

Pokea salamu nyingi, shangazi yangu, kutoka kwangu, Nabalayo, mtoto wa ndugu yako. Natumaini u mzima na lile goti limepoa. Kuku je, wanataga? Na ile cherehani ya mwanao Nelima, bado umeifunika kitambaa na kuweka redio juu yake? Huku tuko salama, ila Nelima hali chakula vizuri wala hasemi nami, ingawa tunalala kitanda kimoja.

Barua yako nimeisoma. Unasema mwanao amerogwa kwenye mashindano ya ushonaji ya vyuo vya ufundi, na kwamba umeanza kufunga na akina mama wa kanisa ili mrogaji ajulikane. Usijitese na njaa, Senge. Nitakueleza yote.

Wakumbuka mwaka jana. Kila mshindani huja na karatasi zake za kukatia, alizopima na kuchora mwenyewe, kisha hupewa kitambaa, ashone vazi lake, gauni au shati, na kulivaa mbele ya majaji. Nilichora zangu kwenye mifuko ya saruji. Asubuhi ya mashindano nikazikosa chini ya godoro. Nilizikuta ukumbini, mezani kwa Nelima. Kwa kuwa tunavaa saizi moja, gauni langu lilimkaa vizuri ajabu, naye akashinda, akapewa cherehani. Mimi nilichora upya nikibabaika, muda ukaniishia gauni likiwa halina mikono. Nilipolia aliniambia niache roho mbaya, eti karatasi ni karatasi.

Krismasi nikaja kwako nikidhani utanitetea. Ulinimiminia chai mbele ya wageni, ukasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wageni wakacheka. Kicheko kile kilinichoma, Senge, nami nimekaa nacho mwaka mzima.

Basi Ijumaa ya wiki iliyopita tulirudi Kawangware, ukumbi uleule. Nelima alishona haraka, akinitupia jicho na kutabasamu. Ilipofika zamu yake ya kuvaa, alikwenda nyuma ya pazia na hakurudi. Mwalimu wetu, Bi Risper, akaingia kumsaidia. Tukawasikia wakivutana na zipu. Hatimaye alitoka mgongo wazi, amebanwa kwa pini, hawezi kuinua mkono. Alipoinama kusalimu majaji, mshono wa ubavuni ukaachia. Vijana wa useremala wakapiga kelele kwamba maji yamezidi unga. Akakimbia nje akilia.

Sasa, huyo mrogaji. Ni mimi, Senge. Lakini sikutumia dawa, nilitumia rula. Fundi akichora karatasi huacha nusu inchi kila ukingo, ndiyo inayoliwa na mshono. Safari hii nilichora mara mbili. Zenye nusu inchi nilijifunga kiunoni ndani ya sweta. Zisizo nayo niliziweka chini ya godoro, palepale. Alfajiri nikamsikia akizichomoa polepole, nikauma blanketi nisicheke. Angejifunza kuchora, angeona mara moja kwamba zimepunjwa. Na angekuja na karatasi zake mwenyewe, asingeguswa na lolote.

Sijutii. Hadi leo nikikumbuka nasikia utamu.

Utauliza kama nilishinda. Hapana. Nilishughulika kumtazama yeye hata nikasahau kukunja pindo langu. Cherehani ilikwenda kwa Obiero, kijana wa huko Kawangware, mimi nikapewa mkasi. Hata leo ningeambiwa nichague kati ya cherehani na sura ya Nelima akipambana na ile zipu, ningechagua zipu.

Basi acha kufunga, Senge, ule ushibe. Nisalimie akina mama wote wa kanisa, hasa waliokuwepo ile Krismasi, na uwasomee barua hii kwa sauti. Nelima akija Desemba, mmiminie chai mbele yao, umwambie yale uliyoniambia mimi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nimekwisha kubali.

Ni mimi, mtoto wa ndugu yako,
Nabalayo